Joto la prosesa kwenye Core 2 Duo: hesabu nyuzi zilizobaki

Kompyuta za mezani zenye Core 2 Duo bado zinapiga kazi kwenye steshenari na maabara za shule. Tuchukue E8400, prosesa ya Intel ya mwaka 2008 yenye kasi ya GHz 3 na matumizi ya wati 65. Ukiipima joto na programu ya kwanza uliyoipata, unaweza kuonyeshwa namba isiyo ya kweli, na mara nyingi kosa si la programu.

Kila kiini (core) cha prosesa hii kina kihisi chake cha joto, lakini kihisi hicho hakijui kusema "nyuzi 55". Kinachosema ni nyuzi ngapi zimebaki kufikia kikomo cha joto kiitwacho TjMax. Programu ndiyo inayofanya hesabu ya kutoa: kikomo 100, zimebaki 45, basi inaandika 55. Prosesa za baadaye za Core i huhifadhi kikomo chao ndani na programu hukisoma humo. Core 2 za mezani hazina hicho, kwa hiyo programu hukisia kwa jina la modeli. Ikikisia 105 mahali pa 100, kila namba utakayoona itakuwa juu kwa nyuzi 5. Ndiyo maana programu mbili kwenye mashine moja hutofautiana.

Jambo la pili: kihisi hufanya kazi vizuri karibu na kikomo, na hukosea zaidi prosesa inapokuwa baridi. Kwenye familia hii vipo hata vinavyoganda. Unawasha mashine asubuhi, kiini kimoja kinasema 41, na baada ya nusu saa bado ni 41. Hapo usiseme prosesa imeharibika. Ipe kazi nzito uone kama namba itaanza kusogea.

Kwenye Windows, programu ya HWiNFO inatosha. Ifungue kwa kuchagua "Sensors-only", kisha tafuta mistari ya "Distance to TjMAX". Tazama safu ya "Minimum" kwenye mistari hiyo, maana ndiyo inayoonyesha prosesa ilikaribia kikomo kwa kiasi gani.

Kwenye Ubuntu au Debian:

sudo apt install lm-sensors
sudo sensors-detect
watch -n 2 sensors

Jibu "yes" pale ambapo sensors-detect yenyewe inapendekeza hivyo. Kwingine bonyeza Enter tu. Viini utaviona chini ya "coretemp", na kikomo kimeandikwa "crit". Pentium 4 na Pentium D hazina vihisi vya aina hii. Huko utategemea kipimo cha ubao mama peke yake.

Namba ya BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows kuanza) usiilinganishe na hizi. Hutoka kwenye chipu ya ubao mama, na ukiwa ndani ya BIOS prosesa haipumziki kama inavyopumzika kwenye Windows, hivyo husoma juu kidogo.

Sasa jaribio lenyewe. Funga kava la kompyuta, maana kava likiwa wazi hewa hupita tofauti na siku zote. Andika joto la chumba. Acha mashine itulie dakika 15, kisha endesha Prime95, programu ya kuipa prosesa kazi nzito, kwa "Small FFTs", au kwenye Linux (stress-ng isakinishwe kwanza):

stress-ng --cpu 2 --timeout 900s

Zikibaki nyuzi 35 au zaidi, uko salama. Kati ya 20 na 35 inavumilika chumba kikiwa cha moto. Chini ya 15, simamisha. Ikifika 0 prosesa hujipunguza kasi yenyewe, na joto likizidi kupanda mashine huzimika ghafla bila onyo. Kwenye Linux unaweza kuona imejipunguza mara ngapi tangu iwashwe:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/core_throttle_count

Usitishwe na ile namba ya kikomo, nyuzi 72.4, iliyo kwenye karatasi za Intel za E8400. Hiyo hupimwa katikati ya kifuniko cha chuma cha prosesa, na viini vilivyo chini yake daima huwa na joto zaidi.

Namna joto linavyopanda ndiyo inayokuambia ugonjwa. Likiruka nyuzi 25 au 30 ndani ya sekunde chache baada ya kazi kuanza, na kushuka haraka vilevile ukisimamisha, hitisinki (chuma chenye mapezi kinachopooza prosesa) haijagusana vizuri na prosesa. Likipanda polepole robo saa nzima bila kutulia, tafuta vumbi kwenye mapezi ya hitisinki, au feni iliyochoka.

Kwa tatizo la kugusana, anza na pini nne za plastiki za hitisinki ya Intel. Moja ikichomoka, upande huo huinuka kidogo tu, usionekane kwa macho. Ili kuitoa, zungusha pini kufuata mshale kisha vuta juu. Ili kuirudisha, zungusha kinyume cha mshale kwanza, halafu sukuma pini mbili zinazokabiliana kimshazari mpaka zilie "ta", kisha mbili zilizobaki. Hakikisha kwa nyuma ya ubao kwamba miguu yote minne imetokeza.

Pesti, ule uji unaopakwa kati ya prosesa na hitisinki, ikikauka ifute kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha weka mpya katikati, ukubwa wa njegere ndogo. Ukizidisha itamwagika pembeni bila faida yoyote. Kwenye prosesa za AMD za soketi ya AM2 na AM3 usivute hitisinki moja kwa moja: pasha mashine moto kwanza, izime na uchomoe waya wa umeme, halafu zungusha hitisinki taratibu. Pesti ngumu hung'oa prosesa kwenye soketi na kupinda pini zake.

Ukipuliza vumbi kwa bloa, shika feni isizunguke.

Rudia jaribio lilelile na upime tena joto la chumba. Chumba kikipanda nyuzi 8, prosesa nayo hupanda karibu 8, kwa hiyo matokeo ya Dar mwezi Januari usiyalinganishe na ya Nairobi mwezi Julai kabla hujaondoa tofauti hiyo.