Somo: Namna ya kujitolea kwenye gwaride la maua na mechi ya Rose Bowl, Pasadena

Kila ikifika Novemba simu yangu haitulii. "Mama, zile kazi za maua Pasadena mnaingiaje?" Najibu mmoja, kesho anakuja mwingine na swali lilelile kwa ujumbe wa sauti wa dakika tano. Sasa naandika mara moja, kwa urefu wake. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kwanza mjue mnaingia kwenye nini. Rose Bowl ni mechi ya mpira wa Kimarekani ya vyuo vikuu, inachezwa Pasadena, California, siku ya mwaka mpya. Asubuhi ya siku hiyo, saa 2, linapita gwaride la magari yaliyofunikwa maua tupu. Gwaride ndilo lililotangulia. Watu wa Valley Hunt Club, klabu ya hapo Pasadena, waliliandaa mwaka 1890 ili wenzao wa majimbo ya theluji waone kwamba huku Januari mawaridi yamechanua. Mpira ulikuja 1902. Yote mawili yanaendeshwa na chama kimoja, Tournament of Roses, chenye wanachama wa kujitolea 935 waliogawanywa katika kamati 31. Ndio hao mnaowaona kwenye televisheni wamevaa suti nyeupe. Wapo waajiriwa ofisini, lakini anayesimama barabarani usiku kucha na anayezipanga bendi za shule kabla hakujakucha ni mtu mwenye kazi yake nyingine ya kumlisha.

Hatua ya 1: Chagua mlango.
Milango ni miwili. Wa kwanza ni maua, na huo uko wazi kwa yeyote. Wa pili ni suti nyeupe, yaani uanachama wa chama chenyewe, ambao unaombwa na unadai miaka. Nawashauri muanze na maua, misimu miwili, ndipo mfikirie suti.

Na kwenye maua kuna jambo wengi hawalijui: chama hakitengenezi magari. Mengi yanajengwa na kampuni kwa wateja wanaolipa, na hizo nazo hupokea watu wa kujitolea wiki ya mwisho. Lakini yako machache yanayojengwa na wenyeji kwa mikono yao. Miji ya Burbank, Downey, La Cañada Flintridge, Sierra Madre na South Pasadena kila mmoja una gari lake, na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Cal Poly wana lao. Mimi nawapeleka watu huko. Kwenye gari la kampuni utabandika mbegu siku moja, utashukuriwa, basi. Kwenye gari la mji mdogo ukirudi mara ya tatu wanakujua jina, mara ya tano wanakukabidhi funguo za stoo ya vifaa.

Hatua ya 2: Jiandikishe mapema kwenye tovuti ya kundi lenyewe. Zamu za baada ya Krismasi ndizo zinazojaa kwanza.

Hatua ya 3: Aliye chini ya miaka 18 anahitaji fomu iliyosainiwa na mzazi. Kila kundi lina umri wake wa chini, uliza kabla ya kumbeba mtoto.

Hatua ya 4: Vaa nguo usizozionea uchungu na viatu vilivyofunika vidole. Ghala halina joto.

Hatua ya 5: Mbegu.
Sheria ni kwamba kila sehemu ya gari inayoonekana ifunikwe na ua, jani, gome, mbegu au kitu kingine cha asili. Kwa hiyo wiki za mwanzo za Desemba ni kazi ya vitu vikavu: mchele, maharage, dengu, ufuta, kahawa iliyosagwa, nazi kavu, maganda ya mahindi. Sisi tuliokulia kwenye ungo tunachambua mchele, kazi hii tunaiweza. Paka gundi eneo la kiganja kimoja tu, nyunyiza, kandamiza kwa vidole, kisha endelea. Ukipaka eneo kubwa gundi inakauka kabla hujafika, na mbegu zinapukutika gari likianza kutembea. Mstari wa rangi uliochorwa usiuvuke hata kwa punje moja. Wanaosimamia rangi wanaona.

Hatua ya 6: Vichupa vya mawaridi. Soma hapa mara mbili.
Mawaridi hayabandikwi kwa gundi. Kila moja linakaa kwenye kichupa chake cha maji, urefu kama kidole cha kati, chenye kifuniko cha mpira kilichotobolewa katikati. Kikonyo kinapita kwenye tundu, halafu kichupa kinachomekwa kwenye povu gumu la gari, ua kwa ua, mpaka usione povu.

Msimu wangu wa kwanza nilipewa ndoo tatu za mawaridi ya rangi ya chungwa. Nilitaka kwenda haraka. Nikachukua ua moja kuwa kipimo, nikakusanya mengine fungu zima, nikakata vikonyo kwa pigo moja. Kipimo chenyewe kilikuwa kifupi. Kikonyo kilipita kifuniko kidogo tu, hakikuyafikia maji vizuri, na kichupa kilipoinama kwenye ubavu wa gari maji yalilala upande mmoja na kikonyo kikabaki hewani. Kwa nje kila kitu kilionekana sawa. Asubuhi ya pili nilikuta eneo la ukubwa wa mkeka limeinamisha vichwa, mawaridi yamelegea shingo kama kuku aliyechinjwa, na majaji walikuwa wanapita saa chache baadaye. Rangi ile ilikuwa imeisha. Ilibidi tuchomoe moja moja, tuyapunguze mengine kutoka mahali yalipobanana, na mapengo tuyajaze majani. Kiongozi wa zamu hakunigombeza. Alinipa mkasi mkali, akasimama pembeni yangu mpaka tukamaliza, akiniuliza kila ua: "Limefika chini?" Mpaka leo nawauliza hivyo hivyo ninaowafundisha.

Kwa hiyo: kata ua moja moja, mshazari, na upime kwa kichupa chenyewe, kikonyo kikaribie chini kabisa. Jaza maji mpaka juu kabla ya kufunika. Shika ua, kipindue kichupa, na kikidondoka kikonyo ni chembamba mno, mwambie msimamizi. Usiyachume majani ya nje ya ua mpaka uambiwe. Na ukigundua umekosea, sema saa hiyohiyo. Ua lililokosa maji saa moja linaweza kuokolewa, la usiku mzima haliokoleki.

Hatua ya 7: Omba jukumu.
Hapa ndipo watu wetu wengi wanapoishia, na inaniuma. Tunafanya kazi nzuri, tunaosha ndoo, tunaaga, tunaondoka. Mwisho wa zamu mwendee msimamizi umwambie: "Mwakani nataka kusaidia kupanga." Makundi haya yanakutana mwaka mzima. Januari wanabomoa gari la zamani, baadaye wanachagua mchoro mpya, wanachomelea vyuma, wanatafuta fedha. Mikutano ya Machi ina viti vitupu. Anayekwenda Machi ndiye anayepewa zamu ya kuongoza Desemba.

Hatua ya 8: Suti nyeupe.
Ukishajulikana, omba uanachama wa chama. Fomu inauliza umejitolea wapi, na hapo miaka yako ya mbegu inakusemea. Mgeni hapangiwi kukaa na wakubwa uwanjani, anapangiwa makutano ya barabara saa 9 usiku. Ukipangiwa, fika saa 8 na nusu.

MASWALI

Mdau, Dar es Salaam: Wanalipa kiasi gani kwa saa?

Jibu: Ni kujitolea. Hakuna malipo.

Mdau, Kigoma: Hii inaweza kunisaidia kupata viza ya Marekani?

Jibu: Hapana. Haitoi viza wala barua ya mwaliko. Mtu akikuomba pesa akuwekee "nafasi ya kujitolea Rose Bowl", huyo ni tapeli, usimtumie hata senti.

Mdau, Los Angeles: Lakini tiketi ya mechi si tunapata bure?

Jibu: Nani kakwambia? Wa maua hapati tiketi. Sikuandika tiketi popote pale juu.

Mwanafunzi, San Diego: Shikamoo mama. Asante kwa somo. Nina swali la pembeni: kwa nini mechi inaitwa "bowl", yaani bakuli? Na kweli ilianza 1902 bila kukatika?

Jibu: Marahaba mwanangu, swali zuri. Jina limetoka kwenye uwanja. Chuo cha Yale kilijenga uwanja wa mviringo mwaka 1914 wakauita Yale Bowl, kwa kuwa ukiutazama ni bakuli hasa. Pasadena walipojenga wao 1922, kwenye bonde la Arroyo Seco, wakauita Rose Bowl, ingawa mwanzo ulikuwa wazi upande wa kusini kama kwato ya farasi na ulizibwa 1928. Mechi ya mwaka mpya ilihamia humo 1923 ikachukua jina la uwanja. Miji mingine ikaiga: Orange Bowl, Sugar Bowl, Cotton Bowl, Sun Bowl. Leo hata mechi inayochezwa kwenye uwanja wa mraba inaitwa bakuli.

Ilikatika, tena kwa muda mrefu. Ile ya 1902 Michigan waliwafunga Stanford 49 kwa 0, na Stanford wakaomba ivunjwe kabla ya muda kwisha. Waandaaji wakaona huo si mchezo wa sherehe, wakaweka mashindano ya magari ya farasi, yale ya Kirumi. Mpira ukarudi 1916. Na mwaka 1942, kwa hofu ya vita baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, mechi ilihamishiwa Durham, North Carolina.

Mdau, Mombasa: Si ndio uwanja ule Baggio alipaisha penalti?

Jibu: Ndio huohuo. Fainali ya Kombe la Dunia 1994, Brazili na Italia.

Mdau, Anaheim: Mimi mwaka jana nilijiandikisha, nikapata dharura sikwenda, sasa naona hawanijibu. Hawa watu wana ubaguzi tu.

Jibu: Ndugu yangu, uliwapigia simu kusema huji? Nafasi yako ilikaa tupu na kuna mtu alikataliwa kwa ajili yako. Ubaguzi nimeuona nchi hii na nitausema popote nitakapouona. Hili si lenyewe. Waandikie, omba radhi, omba zamu ya mapema Desemba ambayo haina watu.

Mama, Riverside: Dada, gundi ile ya kupuliza haitoki mikononi kwa maji. Mimi napaka mafuta ya nazi, nasugua, ndipo naosha kwa sabuni. Na anayekwenda asihangaike na maegesho, apande treni ya A Line ashuke Memorial Park.

Jibu: Ahsante dada, la mafuta ya nazi nimelichukua. Niongeze koti la mvua. Watu huamini haiwezi kunyesha siku ile, na ni kweli ni nadra, lakini 2006 ilinyesha kweli kweli, mara ya kwanza tangu 1955.

Mdau, Long Beach: Mama, mimi nina miaka kumi hapa, nimeongoza jumuiya yetu ya Wakongo. Kusema kweli mtu kama sisi anaweza kufika juu kwenye chama kile, au tutabaki wa kubandika?

Jibu: Nakujibu kwa majina. Rais wa kwanza mwanamke, Libby Evans Wright, aliongoza gwaride hilohilo la 2006. Mweusi wa kwanza, Gerald Freeny, ni 2019. Laura Farber, Mlatino wa kwanza, ni 2020, na yeye alizaliwa Argentina. Ukihesabu kutoka 1890 utaona ni kuchelewa sana, wala sitalificha hilo. Lakini urais haupigiwi kampeni. Mtu anapanda kamati kwa kamati, miaka mingi, na rais anakaa mwaka mmoja tu. Wewe uliyeshika jumuiya yenye mikutano inayochukua saa sita na michango isiyofika, una uzoefu wanaouhitaji. Uandike kwenye fomu hivyo hivyo: umeongoza watu wangapi, umeandaa nini.

Na kuna faida nyingine. Tarehe 7 Januari 2025, siku sita baada ya gwaride, moto wa Eaton uliwaka ukateketeza Altadena, jirani ya Pasadena. Uwanja wa Rose Bowl ukageuzwa kambi ya wazima moto. Wiki ile nilipokwenda kupanga nguo na maji ya waliounguliwa, nilikuta nyuso nilizobandika nazo dengu wiki mbili nyuma. Hakuna aliyeuliza nani ni nani, kila mtu alijua nani anaweza kupanga foleni na nani anaweza kuhesabu maboksi.

Mdau, Pomona: Sisi ni kwaya, tuna mkesha wa tarehe 31. Na mwaka 2023 mbona gwaride lilikuwa tarehe 2?

Jibu: Tarehe 1 ilikuwa Jumapili. Tangu 1893 hawafanyi Jumapili. Farasi walikuwa wanafungwa nje ya makanisa, wakaogopa watashtuka waharibu ibada. Hadi leo ikiangukia Jumapili linasogezwa Jumatatu. Kwa mkesha wenu, chukueni zamu za tarehe 27 na 28, za mchana. Mawaridi yanakuwa yamefika na mtakuwa huru tarehe 31.

Mdau, Pomona: Tuko ishirini na wawili. Tuje tu?

Jibu: Msije tu. Kundi linaandikishwa na mtu mmoja anayebeba orodha. Niandikie idadi kamili, wangapi wako chini ya miaka 18, na nani atakayepokea simu saa 11 asubuhi. Nikiyapata kabla ya Jumapili nitawaulizia zamu mbili za kumi na mmoja kumi na mmoja, maana ishirini na wawili kwenye ubavu mmoja wa gari mtakanyagana.