Kurekodi nondo, na kuthibitisha wa wenzako

Chagua usiku wa giza. Wavuvi wa dagaa hawana haja ya kuelezwa hili: mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti kitu. Mimi narekodi nondo, wale wadudu wa usiku wanaofanana na vipepeo, kwa kuwapiga picha na kuzipakia iNaturalist, tovuti ambako watu husaidiana kutambua viumbe. Narekodi Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, na usiku niupendao ni wa joto, mawingu yametanda, upepo umelala.

Tundika shuka jeupe kwenye kamba ya kuanikia, uwashe taa mbele yake. Taa ya urujuanimno huvuta wengi zaidi, ila balbu ya barazani yatosha kuanzia. Usifungashe mapema, baadhi ya wale wakubwa wa familia ya Saturniidae hufika usiku wa manane. Ukimaliza zima taa na uwakung'ute taratibu majanini, maana wakibaki shukani hadi alfajiri ndege huwaokota.

Mpige picha akiwa ametulia: kutoka juu, kisha ubavuni, kisha vipapasio, rula ikiwa karibu. Cyligramma latona, yule mkubwa wa kahawia mwenye madoa kama macho, hutambulika kwa picha nzuri moja. Vinondo vingi vya kijivu visivyofika sentimita moja havitambuliki hata kwa picha kumi, kwa kuwa hutofautishwa kwa viungo vya uzazi chini ya hadubini. Toa jina la familia, uishie hapo.

Washa GPS ukiwa penye shuka. Ukipakia picha ukiwa Muheza mjini bila kuangalia ramani, nondo wa msitu wa mlimani ataonekana anaishi kwenye michungwa ya bondeni.

Sasa uthibitishaji, ambao kwangu ndio kazi yenyewe. Kwenye iNaturalist, rekodi yenye picha, tarehe na mahali hupanda daraja la utafiti, yaani huhesabiwa kuwa ya kuaminika, pale zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa jina wanapoafikiana juu ya spishi. Watu wawili wanaweza kutosha. Kutoka hapo, leseni ikiruhusu, huenda GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya viumbe, na watafiti wa dunia nzima huichukua. Kwa hiyo mtu akikupa jina, hata awe mwalimu wako, mshukuru kwa maneno. Usibonyeze kukubali kwa heshima. Kubali ukishaiona alama kwa macho yako.

Chukua kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, kiwavi mla mahindi ambaye akikua huwa nondo, aliyeripotiwa Afrika mara ya kwanza mwaka 2016. Nondo yeyote wa kijivu kutoka shamba la mahindi, watu humpa jina hilo. Kiwavi wake ana Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne meusi yaliyokaa mraba karibu na mkia. Nisipoyaona hayo, wala alama za bawa la dume, naandika jenasi, Spodoptera, tu, au familia, Noctuidae, na naeleza sababu: "Bawa la mbele limechakaa, je, una picha ya kiwavi?" Jina la mdudu huyu likiwekwa ovyo, kuna mkulima atakayenunua dawa asiyoihitaji.

Na akija mtu na hoja nzuri zaidi juu ya rekodi uliyoikubali zamani, ondoa jina lako. Rekodi itashuka daraja, iache ishuke.