Kabla Hujaanza Kihispania cha Diploma ya IB

Kwa anayejifunza kama lugha ya kigeni, Kihispania cha Diploma ya IB (International Baccalaureate, programu ya kimataifa ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari) kina milango miwili, na anayeingia mlango usio wake huumia miaka yote miwili. Ab initio ni ya anayeanza kutoka sifuri, au anayejua salamu na kuhesabu tu, nayo hutolewa kwa ngazi ya kawaida peke yake. Kihispania B ni cha aliyekwisha kuisoma lugha miaka kadhaa, na kina ngazi ya kawaida na ngazi ya juu. Ngazi ya juu inadai usome kazi mbili za fasihi katika Kihispania chenyewe. Kabla hujachagua, jipime: tafuta habari ya gazeti yenye maneno kama 300, isome bila kamusi, kisha ueleze kwa sauti inasema nini. Ukiambulia maneno mojamoja tu, ngazi ya juu bado si yako.

Ngazi ya kawaida imetengewa saa 150 za darasani, ngazi ya juu 240. Saa 150 ukizipanga mfululizo hazifiki wiki moja. Ndiyo maana tunasisitiza dakika 30 za nyumbani kila siku, nusu yake ukisikiliza redio au mazungumzo, kwa sababu kusikiliza na kusoma ndiko kunakobeba nusu ya alama zote za mwisho.

Jambo tunalolitilia mkazo kuliko yote ni hili: amua mapema utafikiri kutoka lugha gani. Wanafunzi wengi wa Nairobi au Dar es Salaam husoma masomo yote kwa Kiingereza, kwa hiyo hukishika Kihispania kwa kupitia Kiingereza, na hapo ndipo wanapojitafutia shida ambazo Kiswahili kimekwisha kuzimaliza. Chukua "nataka uje". Kitenzi cha pili kimebadilika mwisho, kutoka -a hadi -e, kwa sababu kuja kwako bado ni matakwa tu. Kihispania hufanya vilevile: *quiero que vengas*. Hiyo ndiyo *subjuntivo*, sura inayowatoa jasho wanafunzi wengi, nawe umeitumia tangu utotoni. Lakini usiufuate mfano huu kipofu. Sisi husema "sidhani kama atakuja", kwa -ta-, ilhali wao husema *no creo que venga*. Na "ukifika" yetu kwao ni *cuando llegues*. Mahali kama hapo pakariri.

Mifano mingine iko tele. *Tengo hambre* ni "nina njaa", *tengo 17 años* ni "nina miaka 17". *Comí* ni "nilikula", na *comía* iko karibu na "nilikuwa nakula". Aliyezoea upatanisho wa ngeli hashangai kuona *las casas blancas* ("nyumba nyeupe", kwa wingi) ikibadilika neno kwa neno. Hata neno *hasta* ni ndugu wa "hata" yetu; yote mawili yametoka kwenye *hatta* ya Kiarabu, kama zeituni na *aceituna*, zafarani na *azafrán*.

Irabu ni tano zilezile. Mkazo ndio unaodanganya. Katika Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na Kihispania huanza hivyo kwa maneno yanayoishia kwa irabu, n au s. Alama ya mkazo ikiandikwa, hufuata alama. *Hablo* ni "nasema", *habló* ni "alisema". Ukiiacha alama hiyo umebadilisha mtu na wakati kwa pamoja.

Daftari la msamiati liandae tangu wiki ya kwanza. Nomino iandike na kitangulizi chake, *el problema* (jinsi ya kiume), *la mano* (jinsi ya kike), kwa kuwa mwisho wa neno hauaminiki. Kitenzi kiandike kwa sura tatu: *tener, tengo, tuve*. Kamusi haziruhusiwi mtihanini.

Katika karatasi ya kuandika ya Kihispania B unachagua swali moja kati ya matatu, pamoja na aina ya matini: barua, makala, hotuba na kadhalika. Alama ni 30, na 6 kati ya hizo hupima kama aina, lugha na sauti vinamfaa msomaji uliyepewa. Kosa linalorudi kila mara ni kumwanza mwalimu mkuu kwa *usted* ("wewe" ya heshima) na kummaliza kwa *tú* ("wewe" ya kirafiki). Andika *tú* au *usted* pembeni mwa rasimu kabla ya sentensi ya kwanza.

Mtihani wa mdomo wa Kihispania B huchukua dakika 12 hadi 15. Ngazi ya kawaida ya B huzungumzia picha baada ya kujiandaa dakika 15. Ngazi ya juu huzungumzia dondoo la fasihi, na maandalizi ni dakika 20. Wanaoanguka hapa mara nyingi huisimulia picha vizuri, nguo, rangi, watu wangapi, wakasahau kuifunga na utamaduni wa wasemaji wa Kihispania. Jiwekee nchi tatu unazozijua kwa undani. Mexico ina Siku ya Wafu, 1 na 2 Novemba. Paraguay ina Kiguarani kama lugha rasmi kando ya Kihispania, jambo ambalo Mswahili ana mengi ya kulilinganisha. Guinea ya Ikweta ilipata uhuru kutoka Hispania mwaka 1968, na Wafang na Wabubi wa huko husema lugha za Kibantu kama yetu. Kwa kila nchi andika mambo matano, uyaseme kwa sauti dakika tatu bila kusoma, ujirekodi kwa simu, kisha usikilize ukiwa na kalamu mkononi.