Kupima mzigo wa mazoezi kwa chipukizi wa mpira wa magongo
Mazoezi yakiisha, ngoja kama nusu saa, kisha muulize mchezaji: kuanzia 0 hadi 10, leo yalikuwa magumu kiasi gani? Zidisha jibu kwa dakika alizocheza. Dakika 60 kwa alama 6 ni 360. Jumlisha za wiki nzima, andika daftarini. Muulize faraghani, maana mbele ya wenzao, wote watasema 3.

Jumla ikipanda ghafla kupita wastani wa wiki nne zilizotangulia, punguza mbio na ubakize ufundi wa gongo. Kenya hili hutokea sana muhula wa kwanza, msimu wa magongo mashuleni: kijana anacheza shuleni Ijumaa, klabuni Jumapili, na makocha wake wawili hata simu hawapigiani. Daftari liwe moja, alibebe mchezaji mwenyewe.

Mgongo wa chini ndio huanza kulalamika, maana mchezo huu huchezwa mtu ameinama. Mfundishe kukunja magoti na nyonga, si kiuno. Anayekokota mpira kwa gongo na kuurusha golini kwenye kona ya adhabu (nafasi ambayo timu hupewa wapinzani wakikosea karibu na goli lao) ahesabiwe mirusho: aanze na 15 kwa siku, mara mbili kwa wiki, siku zisifuatane. Maumivu yanayozidi akijipinda kinyumenyume ni ya daktari. Huenda mfupa una ufa, na dawa ya kuchua haitausaidia.

Siku moja kamili ya kupumzika kila wiki, usingizi saa 8 hadi 10. Bweni lina kengele ya alfajiri? Basi futa mazoezi ya asubuhi, usingizi usiguswe.