Kutoka manuwari hadi meli ya mizigo: somo kwa wanajeshi wastaafu wa Marekani

Ukimuuliza askari anayekaribia kuacha jeshi atafanya kazi gani uraiani, atakutajia lori, ulinzi, polisi, labda posta. Meli hutaisikia. Hata aliyekula chumvi ya bahari miaka mingi katika Jeshi la Majini hudhani kwamba siku anayokabidhi gwanda ndiyo siku anayoagana na bahari. Wakati huohuo meli zinakosa watu. Mwaka 2024 Jeshi la Majini lilipanga kuegesha meli zake 17 za msaada, zile za kubeba mafuta, vyakula na vifaa, kwa sababu mabaharia raia wa kuziendesha walikuwa hawatoshi.

Somo hili ni la wenzetu tulio Marekani tuliowahi kutumikia jeshi, au wenye mtoto, mke, mume au shemeji aliyetumikia. Hoja yangu kubwa ni moja: muda wako wa jeshini unahesabika, lakini hakuna mtu atakayekuhesabia. Ni karatasi zako ndizo zitakazosema.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi ukiwa bado ndani

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. DD-214 (cheti cha kuachana na jeshi) pekee haitoshi. Inaonyesha kwamba ulitumikia. Haionyeshi ulikaa siku ngapi juu ya chombo gani, chenye ukubwa na nguvu ya injini kiasi gani, ukifanya kazi ipi. Unachohitaji ni taarifa rasmi ya utumishi wako baharini, inayotaja kila chombo, tarehe ya kupanda na ya kushuka, na cheo chako. Waliokuwa kwenye vyombo vya majini vya Jeshi la Nchi Kavu (ndiyo, jeshi hilo nalo lina meli zake) wana fomu yao, DA 3068-1. Iombe mapema, uisome mstari kwa mstari, na chombo kikikosekana ulalamike ukiwa bado na mkuu wa kikosi wa kumlalamikia. Ukishatoka, kufuatilia tarehe moja kunaweza kukula miezi.

Chukua pia nakala za vyeti vya kila kozi: kuzima moto, boti za kuokolea, huduma ya kwanza, rada, zamu ya injini. Kozi nyingi za kijeshi zimeshatambuliwa na Walinzi wa Pwani (Coast Guard, wanaotoa vitambulisho vya mabaharia), ila si zote, na cheti ambacho huna mkononi hakitambuliwi na yeyote.

Hatua ya 2: Piga hesabu

Walinzi wa Pwani kwa kawaida hukupa asilimia 60 ya siku ulizopangiwa melini, kwa sababu manuwari hulala gatini muda mrefu. Tuseme ulikaa kwenye meli miaka minne, siku 1,460, ukifanya kazi za sitahani. Asilimia 60 yake ni siku 876. Baharia mwenye ujuzi wa sitaha (wanamwita AB) ana madaraja: daraja maalumu, daraja lenye mipaka na daraja lisilo na mipaka, kila moja na idadi yake ya siku. Linganisha siku zako 876 na idadi inayodaiwa sasa kwa kila daraja. Bado kuna mtihani, na lazima uwe na sifa ya kushughulikia boti za kuokolea, lakini huanzii chini kabisa. Na wa injini wana ngazi yao, yenye hesabu yake ya siku.

Angalia pia upya wa muda wenyewe. Kwa kawaida wanataka sehemu ya utumishi wako iwe ya miaka mitatu iliyopita. Kwa utumishi wa kijeshi dirisha hilo limepanuliwa hadi miaka saba. Aliyetoka jeshini miaka mitano iliyopita asikate tamaa, ila asilale.

Na kama ulikuwa askari wa miguu, hujawahi kulala melini hata usiku mmoja? Njia ipo. Nafasi za kuanzia, yaani msaidizi wa sitaha, msaidizi wa injini na mhudumu wa jikoni, hazidai siku yoyote ya baharini.

Hatua ya 3: TWIC

Hii ni kadi ya usalama ya kuingia bandarini. Inatolewa na TSA (idara ya usalama wa usafiri) baada ya kuchukua alama za vidole na kuchunguza historia yako, na hudumu miaka mitano. Anza nayo, maana bila hiyo ombi lako la baadaye halisogei.

Hatua ya 4: Daktari na kipimo cha dawa za kulevya

Daktari anajaza fomu CG-719K (wa nafasi za kuanzia wana fupi yake, 719K/E). Macho, masikio, uwezo wa kutofautisha rangi, nguvu za mwili. Kipimo cha dawa za kulevya kiwe cha ndani ya siku 185. Walio bado jeshini wanaweza kutumia barua ya kikosi kuthibitisha kwamba wako kwenye mpango wa kupimwa kwa kushtukizwa.

Sasa nisikilizeni vizuri: bangi. Jimbo lako linaweza kuiruhusu mpaka dukani. Meli inafuata sheria ya shirikisho, na huko bado ni marufuku. Nimeona watu wazima wenye rekodi safi ya jeshi wakijifungia mlango kwa jambo hili moja.

Hatua ya 5: Ombi la MMC

MMC ndicho kitambulisho cha ubaharia. Bila hicho hupandi meli nyingi za biashara za Marekani kama mfanyakazi. Fomu ni CG-719B, na wanaoamua ni Kituo cha Taifa cha Mabaharia kilichopo Martinsburg, West Virginia. Utaapa kiapo pia. Ada zipo, lakini uliza kwanza kabla hujalipa: amri ya rais ya Machi 4, 2019 iliagiza wanajeshi walio kazini wasamehewe ada za MMC na za TWIC. Hii ni sababu nyingine ya kuanza kabla hujavua gwanda.

Mafunzo yakikosekana, GI Bill (mafao ya masomo ya wanajeshi) hulipia vyuo vilivyoidhinishwa, na mpango wa SkillBridge huruhusu hadi siku 180 za mwisho za utumishi zitumike kujifunza kazi ya kiraia.

Hatua ya 6: Chagua maji yako

Wengi wanaona meli za kontena peke yake. Ziko tagi (vyombo vya kuvuta meli) za bandarini na za Mto Mississippi, feri, meli za madini za Maziwa Makuu, vyombo vya visima vya mafuta Ghuba ya Meksiko. Sheria ya 1920, maarufu kama Jones Act, inataka mzigo wa kutoka bandari moja ya Marekani kwenda nyingine ubebwe na meli ya Marekani yenye mabaharia wa huko, na ndiyo inayolinda sehemu kubwa ya ajira hizi. Kuna pia Military Sealift Command, ambako wewe ni raia mwajiriwa wa serikali kwenye meli zinazohudumia Jeshi la Majini. Mstaafu mwingi huona wepesi kuanzia hapo kwa sababu lugha ya kazi anaijua.

Kitakachokushtua ni uchache wa watu. Manuwari kubwa hubeba mamia. Meli ya mizigo yenye urefu uleule au zaidi huendeshwa na ishirini na kitu. Hakuna wa kumtuma. Kamba ikikatika, wewe ndiye kikosi.

Hatua ya 7: Sema

Mei 22 ni Siku ya Taifa ya Mabaharia. Kama kanisa lako, msikiti wako au chama cha wanajumuiya huwa na siku ya kuwaenzi wanajeshi wastaafu, omba dakika kumi umlete baharia mmoja aliye likizoni. Vijana watamuuliza maswali kuliko watakavyosoma kipeperushi.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Zuhura: Shikamoo mwalimu. Kijana wangu ana kadi ya kijani tu, bado hajawa raia. Alitumikia Jeshi la Nchi Kavu. Anaruhusiwa?

Jibu: Marahaba mama. Anaruhusiwa kupata MMC ya nafasi zisizo za uofisa. Ila sheria inasema wakazi wa kudumu wasizidi robo ya mabaharia wasio maofisa katika meli, na unahodha, uhandisi mkuu na uongozi wa zamu ni kwa raia peke yao. Military Sealift Command nayo inataka raia. Kwa kuwa ametumikia jeshi, njia yake ya uraia ni fupi kuliko ya wengine. Aanze nayo sasa hivi, sambamba na hizi hatua.

Sajenti Mstaafu: Kaka, mimi VA (idara ya wanajeshi wastaafu) wamenipa asilimia za ulemavu kwa ajili ya msongo wa vita. Nikiandika kwenye fomu si nimejichongea?

Jibu: Ndugu yangu, asilimia za VA hazikufungii mlango zenyewe. Wanachotazama ni hali yako leo: dawa unazotumia, usingizi, kama unaweza kushika zamu ya usiku bila hatari. Watu hupewa ruhusa maalumu, wakati mwingine yenye masharti. Kinachokuchongea ni kuficha, kwa sababu uongo kwenye fomu ya serikali ya shirikisho ni kosa la jinai. Nenda na barua ya daktari wako anayekutibu, ieleze hali yako kwa kina. Barua ya mistari miwili itarudishwa.

BintiPwani: Nimesikia habari za wasichana kunyanyaswa melini. Unatuambia twende huko?

Jibu: Dada, umesikia kweli. Mwaka 2021 mwanafunzi wa Kings Point, chuo cha taifa cha mabaharia wa biashara, alijitokeza kueleza aliyotendewa, na tasnia nzima ikatikisika. Desemba 2022 ikapita sheria inayolazimisha makampuni kuripoti kwa Walinzi wa Pwani, kudhibiti funguo zinazofungua vyumba vyote, na kuweka kamera kwenye korido za vyumba katika meli nyingi. Sheria si ukuta. Kabla ya kusaini, uliza kuna wanawake wangapi melini, nani anashika funguo hizo, na simu ya kuripoti ni ipi. Wakibabaika kujibu, tafuta kampuni nyingine.

Mdau wa Norfolk: Nikifanya kazi kwenye meli ya biashara inayobeba mizigo ya jeshi, miaka hiyo inaongezwa kwenye utumishi wangu wa kijeshi?

Jibu: Haiongezwi. Wewe ni raia. Hata mabaharia wa biashara waliobeba silaha na mafuta wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakapigwa torpedo njiani, walikaa hadi 1988 ndipo wakatambuliwa kama wastaafu wa vita, na medali ya dhahabu ya Kongresi ikapitishwa 2020, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa. Ukiajiriwa Military Sealift Command, hapo ni ajira ya serikali ya shirikisho na kuna utaratibu wa kununua miaka yako ya jeshi iingie kwenye pensheni ya kiraia. Waulize watu wa rasilimali watu wiki ya kwanza, kwa sababu ukichelewa sana riba huanza kuongezeka juu ya kiasi unachodaiwa.