Makaa ya Turkana yatoke kwenye mathenge
Katika nyika kame ya Turkana, anayeishi kwa kuchoma makaa afadhali akate mathenge, mti wa kigeni ulioletwa Kenya kupambana na jangwa lakini sasa unabana malisho kando ya Mto Turkwel, na aiache migunga ya asili ambayo maganda yake hulisha mbuzi wakati wa kiangazi. Kisiki kikatwe chini ya usawa wa ardhi, kwani kikibaki juu huchipua na kuwa kichaka kibaya zaidi. Maganda ya mathenge nayo yasagwe kabla ya kulishwa mifugo. Yakiliwa mazima, mbegu hupita tumboni zikiwa hai na kuota mbali. Ukingoni mwa mto, iulizwe kwanza familia yenye haki ya kimila juu ya miti hiyo.