Mambo ya kuzingatia kabla ya kupanga mshahara wa mfanyakazi anayehamia Lubumbashi

Kampuni inapomleta mtu kutoka Nairobi, Johannesburg au Dar es Salaam kuja kufanya kazi Lubumbashi, huku kusini mwa Kongo (DRC), ofisi nyingi hutafuta jedwali la gharama za maisha, huchukua namba moja na kuizidisha kwa mshahara wa zamani. Usianzie hapo. Jedwali lina kazi yake, lakini ujue kwanza limepimwa kwa kikapu cha nani. Orodha ya Mercer, kampuni ya ushauri inayolinganisha gharama za miji, huipa New York 100, kisha hulinganisha bei za bidhaa na huduma zaidi ya 200 kama anavyozinunua mgeni aliyetumwa na kampuni. Ndiyo maana Luanda, mji mkuu wa Angola wenye maskini wengi, uliongoza orodha hiyo mwaka 2017, na mwaka uliofuata, sarafu ya Angola, iitwayo kwanza, iliposhuka thamani, ukateremka hadi nafasi ya sita. Wenyeji wa Luanda hawakuanza kula kwa bei rahisi mwaka huo. Waliofaidika ni waliokuwa na dola mfukoni.

Usitumie namba ya Kinshasa kwa sababu tu ndiyo uliyoipata. Kinshasa hupokea shehena zake kupitia bandari ya Matadi, nasi wa Lubumbashi twapokea zetu kupitia mpaka wa Kasumbalesa, zikitoka Zambia na Afrika Kusini kwa malori, na foleni ya mpakani ikirefuka bei hupanda huku wakati Kinshasa haina hata habari. Zambia ilipotangaza mwishoni mwa Februari 2024 kwamba ukame ni janga la taifa, kila mama wa Lubumbashi anayepika bukari, yaani ugali wa mahindi, alijua kinachokuja kwenye unga. Kwa hiyo kusanya bei mwenyewe, soko la Mzee Kabila na duka kubwa la mjini siku ileile, na uandike kipimo pamoja na bei, kwani unga wa kupimwa kwa meka, chombo cha kupimia sokoni, na unga wa mfuko wa kilo 25 haulinganishwi kwa kutazama tu. Rudia kazi hiyo katika msimu mwingine. Bei za baada ya mavuno hazikuambii lolote kuhusu Februari.

Ugawe mshahara kabla ya kuzidisha chochote. Upo upande wa kodi ya serikali, upo wa nyumba, upo wa matumizi ya kila siku na upo wa akiba, na namba ya ulinganisho inagusa matumizi peke yake. Tuseme mtu analipwa dola 4000, na kati yake 1600 ndizo anazokula, kuvaa na kusafiria. Mji anakokwenda ukiwa na 130 dhidi ya 100 ya kwao, nyongeza ni dola 480, wala si 1200. Waajiri hupenda sana kukumbuka hesabu hii namba inapopanda. Inaposhuka chini ya 100 huisahau, wakakata asilimia kutoka kwenye mshahara mzima, pamoja na akiba ambayo mtu huyo angeitumia kwao.

Andika katika mkataba ni sarafu gani na ni kiwango cha siku gani. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu faranga 2000, na kabla ya mwaka kwisha ikapita 2600. Aliyelipwa kwa faranga alilia. Mwaka 2025 faranga ikapata nguvu kwa ghafla, na safari hii aliyelipwa kwa dola ndiye aliyelia, kwa kuwa bei za sokoni hazikuwa na haraka ya kushuka.

Kuhusu nyumba, sheria ya mwisho wa 2015 inazuia garanti ya makazi, yaani amana ya mpangaji, isizidi miezi mitatu, lakini mweke mtu tayari kwa mwenye nyumba atakayetaka zaidi, na kwa komisionea, yaani dalali, naye atakayetaka chake. Hesabu jenereta na mafuta yake. Uliza maji yanatoka REGIDESO, shirika la maji la serikali, au kwenye foraje, yaani kisima cha kuchimbwa, na nani anayelipia pampu.

Shule ndiyo iliyowaumiza watu niliowaona kwa macho. Jirani yangu mmoja, mhasibu aliyehamishwa kutoka Nairobi na mke na watoto wawili, alipangiwa mshahara ambao kwenye karatasi ulikuwa mzuri: chakula kilipimwa, nyumba ikalipwa na kampuni, gari likawepo. Majedwali ya aina hii kwa kawaida huiacha shule nje kwa sababu kila familia ina mahitaji yake, na ofisi nayo ikaiacha. Lakini watoto wake walikuwa wamesomea Kiingereza tangu chekechea, na shule za Lubumbashi hufundisha kwa Kifaransa. Chache za Kiingereza hutoza ada kwa kuwatazama wafanyakazi wa migodi ambao waajiri wao ndio wanaolipa. Alinionyesha karatasi aliyopewa: kujiandikisha, muhula, sare, basi, chakula cha mchana, kila kimoja na mstari wake wa dola, na vyote kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Siku alipokwenda kulipa, karani alimrudishia noti moja ya mia kwa sababu ya mpasuko mdogo kama punje ya mchele. Alipoandikia ofisi, alijibiwa kwamba kwa mujibu wa jedwali Lubumbashi ni nafuu kuliko Nairobi. Muhula uliofuata akawahamishia watoto shule ya Kifaransa. Mkubwa akarudishwa darasa moja nyuma, na mama akaona afadhali arudi nao Nairobi. Tangu hapo mshahara ule ukawa unalisha nyumba mbili, na tiketi za ndege juu yake. Kampuni haikuokoa kitu, kwani alijiuzulu kabla ya mkataba kwisha na mwingine akaletwa kwa gharama ileile ya kuhamisha familia.

Basi uliza mapema: watoto wangapi, umri gani, wanasoma kwa lugha gani, na familia inakuja au inabaki. Ikibaki, hesabu ya mji mmoja haifai. Panga ya miji miwili.

Mengine ni ya kawaida. Kibali cha kazi na viza vilipiwe na mwajiri, na iandikwe hivyo. Bima iseme mgonjwa atapelekwa wapi hospitali za hapa zikishindwa. Posho ya ugumu wa mazingira isichanganywe na posho ya gharama za maisha, maana siku moja itapunguzwa na hamtakubaliana ni ipi iliyopunguzwa. Wekeni tarehe ya kupitia bei upya, angalau mara mbili kwa mwaka, na mtaje nani atakayekwenda sokoni. Na mtu akikuambia kwamba alikaa Lubumbashi na anazijua bei, muulize alikaa mwaka gani.